Mlango wa Ghala: Historia ya Mashine Kujitambulisha kwa Rejista za Kontena

Taswira ya kontena ni kifurushi kimoja kinachobeba programu pamoja na kila inachokihitaji ili ifanye kazi, yaani maktaba za msimbo, mafaili ya usanidi na vipande vya mfumo endeshi, vyote vikiwa vimepangwa katika matabaka yanayolaliana. Rejista ya taswira ni ghala la mtandaoni ambamo vifurushi hivyo huwekwa, hupewa majina na alama za matoleo, na kutoka humo huchukuliwa na kompyuta zilizoruhusiwa. Historia inayosimuliwa hapa ni ya mlango wa ghala hilo: ni kwa njia zipi kompyuta isiyo na mtu mbele yake, inayoamshwa usiku wa manane na ratiba au na kuanguka kwa kompyuta nyingine, imewezeshwa kuthibitisha kwamba ina haki ya kuingia. Vitabu vya mafunzo hulipitia jambo hili kwa amri moja au mbili, kisha huendelea na mengine yanayoonekana makubwa zaidi. Kulipita hivyo ni kosa, kwa sababu ndani yake mna mgogoro ambao fani ya kompyuta ilichukua zaidi ya nusu karne kuutambua vizuri: nywila ilibuniwa kwa ajili ya binadamu awezaye kuihifadhi kichwani, na mashine ilipoazimwa nywila hiyo, siri haikupata kinga mpya bali ilihamishiwa tu mahali pengine pa kufichwa.

Nywila ya kompyuta kama ijulikanavyo leo huhusishwa na mfumo wa CTSS, uliotengenezwa katika chuo cha MIT nchini Marekani chini ya uongozi wa Fernando Corbató na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Mfumo huo uliwawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa zamu fupi mno, kiasi kwamba kila mmoja alijiona kana kwamba kompyuta ni yake peke yake. Na kwa kuwa kila mtumiaji alikuwa na mafaili yake na mgawo wake wa muda, ilibidi ipatikane njia ya kumtofautisha huyu na yule. Mwaka 1962 mtafiti wa chuo hicho, Allan Scherr, aliyehitaji muda zaidi ya aliopangiwa, aliwasilisha kadi ya matundu iliyoomba faili la nywila zote lichapishwe, na likachapishwa. Mwaka 1966 hitilafu ya programu ilichanganya mafaili mawili, na kila aliyeingia kwenye mfumo akaonyeshwa orodha ya nywila za wenzake mahali pa tangazo la siku. Katika matukio yote mawili hapana mtu aliyekisia neno la mwenzake wala kumshawishi alitaje. Neno lilikuwa salama kichwani mwa mwenyewe, likapotea pale lilipokuwa limeandikwa.

Jibu la tatizo hilo lilitoka katika maabara za Bell, ambako mfumo wa Unix ulizaliwa. Robert Morris na Ken Thompson walieleza katika makala yao ya mwaka 1979 kwamba mfumo haupaswi kuhifadhi nywila yenyewe, bali matokeo ya hesabu ya njia moja, yaani hesabu ambayo ni rahisi kuifanya kwenda mbele na ni vigumu mno kuirudisha nyuma. Mtumiaji anapoandika neno lake, hesabu hufanywa upya na matokeo hulinganishwa. Lilikuwa wazo kubwa, na mifumo ya leo ingali inalitegemea. Hata hivyo lina mpaka ambao haukutiliwa maanani kwa miaka mingi: humlinda anayeuliza nywila, halimlindi anayeijibu. Mlinzi wa mlango anaweza kutosheka na kivuli cha neno, lakini anayebisha hodi lazima alitamke neno lenyewe, na ikiwa anayebisha hodi ni programu, basi neno hilo lazima liwepo mahali fulani likiwa zima na likisomeka. Sehemu kubwa ya yaliyofuata katika historia hii imetokana na ukweli huo mmoja.

Waliotangulia waliukubali ukweli huo bila kuupinga. Watumiaji wa Unix ya Berkeley walikuwa na faili liitwalo .netrc, ambamo jina la kompyuta ya mbali, jina la mtumiaji na nywila yake viliandikwa kwa maandishi ya kawaida ili programu ya kuhamisha mafaili iingie bila kuuliza, na kinga pekee ikawa ni kuwazuia watumiaji wengine wa kompyuta ileile wasilisome faili hilo. Programu nyingine zilikataa kabisa kupokea nywila isipokuwa ile iliyochapwa kwenye kibodi ya terminali, kwa dhana kwamba kwenye kibodi kuna mtu. Dhana hiyo ilibatilishwa mwaka 1990, pale Don Libes wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, alipotoa programu ya Expect, ambayo hutengeneza terminali ya bandia, husubiri swali litokee, kisha huchapa jibu kama ambavyo mtu angelichapa. Expect ilikuwa chombo cha manufaa makubwa na wasimamizi wa mifumo waliishukuru kwa haki, lakini ilithibitisha pia kwamba mashine ilikuwa imeruhusiwa mlangoni kwa sharti la kujifanya mtu.

Njia tofauti ilikuwapo. Katika mradi wa Athena wa MIT, ulioanza mwaka 1983, ulibuniwa mfumo wa Kerberos, ambamo mtumiaji hujitambulisha mara moja kwa seva inayoaminiwa na wote, kisha hupewa tikiti zenye muda maalumu za kuonyesha kwenye huduma nyingine, bila nywila yenyewe kusafiri mtandaoni. Tikiti inayokwisha muda, inayotolewa na mwenye mamlaka na kukubaliwa na mwingine, ndiyo mbegu ya karibu kila kilichokuja kuonekana kipya miaka thelathini baadaye. Lakini wavuti ulipoenea katika miaka ya 1990, njia iliyoandikwa katika waraka wa HTTP 1.0 wa mwaka 1996 ilikuwa nyepesi kuliko hiyo: jina na nywila huunganishwa kwa nukta mbili, huandikwa upya kwa mtindo wa Base64, na kutumwa pamoja na kila ombi. Base64 si usimbaji wa siri. Ni namna tu ya kuandika data kwa herufi na tarakimu zinazopita salama katika njia za mawasiliano, na yeyote aweza kuirudisha katika hali yake ya awali bila ufunguo wowote. Mwonekano wake usiosomeka kwa jicho uliwadanganya wengi, na utarudi mara kadhaa katika simulizi hili.

Kontena za kompyuta zina historia yao ndefu, kuanzia amri ya chroot ya Unix toleo la saba mwaka 1979, jela za FreeBSD mwaka 2000, hadi uwezo wa Linux wa kuzitenga programu na kuzigawia rasilimali uliokamilika kiasi cha kutumika mwaka 2008. Zilizozifanya zienee ni siku chache za Machi 2013, pale Solomon Hykes wa kampuni ya dotCloud alipoionyesha programu ya Docker kwa dakika tano katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Santa Clara, California. Jina lenyewe liliazimwa kutoka bandarini, na sitiari hiyo haihitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam: sanduku lenye vipimo vinavyojulikana, ambalo kreni, meli na lori hulibeba bila kujali kilichomo ndani. Ubora wa Docker haukuwa katika kutenga programu, kwani hilo lilikwisha kuwezekana, bali katika kuifungasha na kuisafirisha. Na palipo na usafirishaji pana ghala, na palipo na ghala pana mlango.

Amri ya kuupita mlango huo iliitwa docker login. Iliuliza jina, nywila na anwani ya baruapepe, kisha ikaviandika katika faili la .dockercfg ndani ya folda ya mtumiaji, nywila ikiwa katika Base64, yaani wazi kwa yeyote mwenye faili. Kuulizwa kwa baruapepe kunastahili kuangaliwa, kwa sababu amri hiyohiyo ilikuwa pia njia ya kufungua akaunti mpya, na walioiandaa walikuwa wakimfikiria mtu aliyeketi mbele ya kompyuta yake kwa mara ya kwanza. Seva ya ujenzi, yaani kompyuta ambayo kila mara msimbo unapobadilishwa huikusanya programu, huipima na kuipakia rejistani, haina baruapepe, ilibidi itungiwe.

Walioona mapema kwamba mashine inahitaji utambulisho wake yenyewe walikuwa watengenezaji wa Quay, rejista iliyoanzishwa mwaka 2013 na kununuliwa na kampuni ya CoreOS mwaka uliofuata. Jina lake lina maana ya gati, na ndani yake kulikuwa na akaunti za roboti: akaunti zisizo na mtu nyuma yake, zilizoundwa na timu kwa kazi moja, zenye ruhusa ya ghala moja au mawili tu, na ambazo zingeweza kufutwa bila kumfungia nje mfanyakazi yeyote. Harbor, rejista huria iliyotolewa na VMware mwaka 2016 na ambayo jina lake maana yake ni bandari, nayo ilikuja kuzipokea akaunti hizo kwa jina lilelile. Siri ya roboti bado ilikuwa siri ya kudumu, na iliweza kuibwa kama nyingine yoyote; lakini kwa kuitenga na nywila ya mtu, hasara ya wizi ilipunguzwa kutoka akaunti nzima hadi kazi moja. Kwa maoni ya mwandishi wa historia hii, hiyo ndiyo hatua ya busara zaidi ya miaka ya mwanzo, na haikupewa sifa iliyostahili.

Mwaka 2015 Docker iliiandika rejista yake upya na kubadili kabisa mazungumzo ya mlangoni. Chini ya utaratibu huo mpya, programu ya mteja inapoomba taswira, rejista huikataa kwanza kwa jibu namba 401, lakini ndani ya kukataa huko huieleza ni wapi pa kwenda kuomba kibali, kwa huduma ipi na kwa upeo upi, kwa mfano kuchukua tu au kuchukua na kuweka. Mteja huenda kwa seva ya vibali akiwa na jina na nywila, hupewa tokeni, kisha hurudi nayo kwa rejista. Tokeni ni neno ambalo wanunuzi wa umeme wa kulipia kabla nchini Kenya na Tanzania wamelizoea, na ulinganisho huo unafaa kwa sehemu: ni mfuatano wa herufi unaobeba haki fulani, na mita huikubali bila kumuuliza mnunuzi ni nani. Tokeni ya rejista huandikwa kwa muundo wa JWT, ambamo yaliyoruhusiwa na muda wa mwisho hutajwa waziwazi na kutiwa saini ya kihisabati na seva ya vibali. Rejista, kwa kuwa na ufunguo wa hadharani wa seva hiyo, huihakiki saini papo hapo bila kupiga simu kwa yeyote. Kwenye Docker Hub, ghala kuu la hadharani, tokeni hiyo huishi kwa sekunde 300.

Uzuri wa utaratibu huu hauna budi kukubaliwa, na hata Shirika la OCI, lililoundwa mwaka 2015 ili kuweka viwango vya kontena, lilipotoa kiwango cha kwanza cha usambazaji wa taswira Mei 2021, liliacha namna ya kuingia nje ya maandishi yake, rejista nyingi zikabaki zikifuata desturi hiyo ya Docker. Lakini tokeni ya dakika tano ililindwa na nini? Iliombwa kwa kutumia nywila ya kudumu iliyolala katika faili la usanidi, ambalo sasa lilihamia katika folda ya .docker kwa jina la config.json, likiwa na Base64 ileile. Mlango wa ndani ulikuwa umewekewa kufuli jipya huku ufunguo wa lango la nje ukining'inia ukutani.

Wahandisi wa kila siku hawakuwa na nafasi ya kuyatafakari hayo. Walikuwa na skripti za kuandika. Seva ya ujenzi ilipojaribu kuendesha docker login, ilijibiwa kwamba kuingia kwa kuulizwa hakuwezekani mahali pasipo na terminali, na njia ya karibu ikawa kuiandika nywila ndani ya amri yenyewe kwa alama ya -p. Kwenye Linux, maneno ya amri inayoendelea huweza kusomwa na mtumiaji mwingine wa kompyuta hiyo kwa kuorodhesha michakato. Aidha amri iliyochapwa kwa mkono hubaki katika faili la kumbukumbu ya terminali, na seva nyingi za ujenzi huandika kila amri zinayoitekeleza katika kumbukumbu ambazo timu nzima huzisoma. Siri moja iliachwa mahali patatu kwa pigo moja. Docker ilitoa dawa kwa awamu mbili. Katika toleo la 1.11 la Aprili 2016 ilikubali programu saidizi, ambazo huitwa nayo ili kuitunza nywila katika hazina ya mfumo endeshi, iwe ile ya macOS, ya Windows au ya Linux, badala ya faili. Na katika toleo la 17.07 la mwaka 2017 iliongeza alama ya --password-stdin, inayoiruhusu amri kuipokea nywila kupitia mkondo wa maandishi kutoka programu nyingine au faili, pasipo kuonekana katika orodha ya michakato. Tangu hapo anayetumia alama ya zamani huonywa kwamba njia hiyo si salama.

Programu saidizi zilifungua mlango ambao haukukusudiwa. Kwa kuwa Docker haikujali programu hiyo imeipata wapi siri, mradi ijibu ilipoulizwa, programu saidizi haikulazimika kuwa hazina ya siri. Iliweza kuwa kiwanda cha kuitengeneza upya kila inapohitajika. Umuhimu wa jambo hilo ulionekana vizuri zaidi kwenye rejista ya ECR ya kampuni ya Amazon, iliyofunguliwa kwa wateja wote Desemba 2015. Rejista hiyo haikuwa na nywila za kudumu hata kidogo: mteja aliye na utambulisho wa wingu la Amazon aliomba nywila ya muda, yenye uhai wa saa 12, na kuitumia kwa jina la mtumiaji AWS. Ili kumrahisishia kazi, kampuni ilitoa amri iliyochapisha amri nyingine ya docker login ikiwa kamili na nywila yake ndani, ambayo mhandisi aliifunga kwa mabano na kuitekeleza moja kwa moja.

Amri hiyo, get-login, inastahili aya yake yenyewe kwa namna ilivyokusanya matatizo ya enzi nzima. Iliiweka nywila ndani ya amri, yaani mahali palepale palipoonekana na wote. Iliwataka wahandisi watekeleze bila kusoma maandishi yaliyotoka kwenye programu nyingine. Na kwa sababu Docker ya awali ilidai baruapepe, ilichapisha pia alama ya -e ikifuatiwa na neno lisilo anwani ya mtu yeyote, none, ili swali lijibiwe. Docker ilipoiondoa alama hiyo katika toleo la 17.06, skripti zilizokuwa zikifanya kazi vizuri zilianza kushindwa, na Amazon ikalazimika kuongeza alama nyingine ya kuzuia baruapepe isichapishwe. Baadaye ililetwa amri ya get-login-password, ambayo hutoa nywila peke yake ili ipitishwe kwenye mkondo wa --password-stdin, na katika toleo la pili la chombo hicho, lililotolewa mwaka 2020, amri ya zamani haikuwemo tena. Kwa wanaotaka kutofikiria kabisa habari ya kuingia, Amazon ilikuwa imetoa tangu mwaka 2016 programu saidizi inayoiomba nywila ya muda yenyewe, kila taswira inapohitajika. Na hapo amri ya docker login ilikoma kuwa ya lazima. Google na Microsoft nao walifuata mwelekeo huohuo katika rejista zao, tofauti kubwa ikiwa ni urefu wa uhai wa tokeni.

Wakati huo kontena zilikuwa zimepata msimamizi mpya. Kubernetes, mfumo uliotangazwa na Google mwaka 2014 na kufikia toleo la 1.0 Julai 2015, unachukua jina lake kutoka neno la Kigiriki la mshika usukani, yaani nahodha, na kazi yake ni kuzigawa kontena katika kompyuta nyingi na kuzihamisha pale kompyuta moja inapokufa. Hapa kuingia kwa mkono kulikoma kuwa usumbufu na kuwa jambo lisilowezekana, kwa maana hakuna ajuaye mapema ni kompyuta ipi itaichukua taswira wala saa ngapi. Kubernetes ilitatua hilo kwa kulichukua faili lilelile la Docker na kulihifadhi ndani ya mfumo kama siri, kisha kila kundi la kontena likatajiwa siri ya kutumia. Siri hizo huandikwa kwa Base64 na, zisipowekewa usimbaji na msimamizi, hulala zikiwa wazi katika hifadhidata ya mfumo. Zaidi ya hayo, siri haionekani nje ya eneo lake la majina, hivyo timu yenye maeneo arobaini ilihitaji nakala arobaini. Na kwa waliotumia rejista yenye nywila ya saa 12, ilibidi iandikwe skripti ya ratiba iliyozifuta nakala zote na kuziweka upya kila baada ya saa chache. Skripti hiyo ilipokwama, hakuna kilichoonekana kuharibika mpaka kompyuta moja ilipozimika na kontena zake zikashindwa kuhamia kwingine.

Mwaka 2019 uliwafanya wengi wasikie yale ambayo wachache walikuwa wakiyasema. Tarehe 25 Aprili Docker iligundua kwamba mtu asiyeruhusiwa amefikia hifadhidata mojawapo ya Docker Hub, na taarifa za akaunti zipatazo 190,000 huenda zimeonekana, zikiwemo nywila zilizopitishwa kwenye hesabu ya njia moja na tokeni za kufikia msimbo wa wateja katika GitHub na Bitbucket. Katika mwaka huohuo Docker Hub ilianza kuwapa watumiaji tokeni binafsi za kutumia mahali pa nywila, ambazo zaweza kufutwa moja moja. Badiliko lililofuata lilisukumwa na gharama zaidi kuliko usalama: kuanzia Novemba 2020 wasiojitambulisha waliwekewa kikomo cha kuchukua taswira 100 kwa kila saa sita kwa anwani moja ya mtandao, na wenye akaunti za bure taswira 200. Seva za ujenzi ambazo hazikuwahi kuwa na nywila yoyote, kwa kuwa zilichukua taswira za hadharani tu, zililazimika sasa kubeba siri ili zitambuliwe. Ni miongoni mwa mambo ya kusikitisha katika historia hii kwamba idadi ya siri zilizotawanywa duniani iliongezeka kwa sababu ya vitu ambavyo havikuwa siri.

Matokeo ya kutawanya huko hayakuchelewa. Mwishoni mwa Januari 2021 skripti ya kampuni ya Codecov, iliyotumiwa ndani ya seva za ujenzi za wateja wengi, ilibadilishwa na wavamizi ili ikusanye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa inapoanza na ambamo wahandisi wamezoea kuweka nywila za rejista. Uvamizi huo uligunduliwa tarehe 1 Aprili, na chanzo chake kilikuwa siri iliyopatikana kwa kosa katika utengenezaji wa taswira ya Docker ya kampuni hiyo. Januari 2023 CircleCI, kampuni ya huduma za seva za ujenzi, iliwataka wateja wake wote wabadilishe kila siri waliyoihifadhi humo. Mwaka huohuo watafiti wa chuo cha RWTH Aachen, Ujerumani, walichapisha uchunguzi wa taswira 337,171, wakakuta asilimia 8.5 kati ya hizo zina siri ndani ya matabaka yake. Ghala lililokusudiwa kulindwa kwa siri lilikuwa lenyewe limejaa siri za watu.

Njia ya kutokea ilikuwa ni kuacha kumpa mlinzi wa mlango neno, na badala yake kumwonyesha anayebisha ni nani. Amazon ilikuwa imeanza mapema, Juni 2012, kwa kuzipa kompyuta za wingu lake nyadhifa, ambazo kompyuta huzithibitisha kwa kuuliza anwani ya ndani ya 169.254.169.254 na kupewa vibali vya muda; mwenye wingu anaijua kompyuta kwa sababu yeye ndiye aliyeiwasha, hivyo hana haja ya kuiuliza nywila. Njia hii nayo ilikuwa na tundu. Katika uvamizi wa benki ya Capital One mwaka 2019, uliogusa watu wapatao milioni 106, programu iliyosanidiwa vibaya ilihadaiwa ikaiuliza anwani hiyo kwa niaba ya mvamizi, na mwezi Novemba Amazon ikatoa toleo la pili la huduma hiyo linalodai hatua ya ziada kabla ya kujibu. Oktoba 2021 GitHub ililipeleka wazo hilo nje ya mipaka ya wingu moja: kila kazi ya ujenzi hupewa tokeni iliyotiwa saini na GitHub, inayotaja ni hazina ipi ya msimbo, tawi lipi na mtiririko upi umeianzisha, na wingu lolote lililokubali kuiamini saini hiyo huibadilisha kwa kibali kifupi cha kuingia rejistani. Hakuna nywila inayohifadhiwa upande wowote. Kazi ya kulinda hubaki katika sharti la kuaminiana, kwa maana anayeandika kwamba anaamini GitHub bila kutaja ni hazina ipi amemfungulia kila mwenye akaunti huko.

Kubernetes iliifikia hatua hiyo polepole zaidi. Msimbo wa kuingia katika rejista za Amazon, Google na Microsoft ulikuwa umejengwa ndani ya mfumo wenyewe, na kutolewa kwake kulikamilika kwa awamu, baada ya utaratibu wa programu saidizi za nje kukubaliwa rasmi katika toleo la 1.26 la Desemba 2022. Hata hapo kibali kilikuwa cha kompyuta nzima, si cha programu iliyomo ndani yake, na taswira ya siri iliyokwisha kuchukuliwa na programu moja iliweza kutumiwa kwenye kompyuta ileile na programu nyingine isiyo na ruhusa, kwa sababu ruhusa iliulizwa mlangoni tu wakati wa kuchukua. Toleo la 1.33 la Aprili 2025 lilianza majaribio ya mambo yote mawili: programu kuipata taswira kwa tokeni fupi ya utambulisho wake yenyewe, na ruhusa kuhakikiwa hata kwa taswira ambayo tayari ipo.

Na bado leo, kwenye kompyuta ya Linux ambayo haijawekewa programu saidizi, amri ya docker login ikishapokea nywila au tokeni huiandika kwa Base64 ndani ya faili la config.json, kisha huchapisha onyo kwamba imehifadhiwa bila kusimbwa.